Mvua ya siku, si wastani wa mwezi

Ukikadiria kwa SWAT au APEX (programu za kompyuta za kuiga maji na virutubisho mashambani) mbolea inayosombwa na maji mashambani Muheza au Korogwe, tafadhali usigawe mvua ya mwezi kwa siku 30. Mtiririko hukokotolewa siku kwa siku. Kwa CN 75 (CN ni namba inayoonyesha ardhi hutiririsha mvua kiasi gani), takribani milimita 17 za kwanza za mvua ya siku hazitiririki kabisa. Milimita 90 za masika ukizigawa tatutatu, jibu ni sifuri, na naitrojeni yote inaonekana imebaki shambani. Kumbe mvua moja ya milimita 60 hutiririsha kama 14! Funga kipimamvua, usome kila siku saa 3 asubuhi. Halafu badili vipimo kutoka ekari kwenda hekta: yurea mfuko wa kilo 50 kwa ekari ni kilo 124 kwa hekta, yaani naitrojeni kilo 57 tu.