Uraia wa Marekani kwa njia ya jeshi: mwongozo kwa vijana wa Unguja na Pemba

Wadogo zangu, jeshi la Marekani haliandikishi watu Unguja wala Pemba, na halimpi mtu grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Ukitokewa na mtu anayetaka pesa akuingize jeshini kutoka huku, usimpe hata shilingi. Njia hii ni ya aliyekwisha kufika Marekani na ana kadi hiyo mkononi.

Kazi kubwa huanzia nyumbani, nayo ni majina. Sisi huandika jina letu, la baba, kisha la babu, na fomu ya Marekani humfanya babu kuwa jina la ukoo. Sasa cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis Ali Juma, pasipoti Hamis A. Juma, cheti cha skuli Hamisi Ali. Kwetu ni mtu mmoja, lakini karani wa ng'ambo anaona watu watatu. Yasahihishe kabla hujasafiri, maana kumtuma mama mzee kutoka Wete kwenda kukuhangaikia ofisini ni kumtesa. Cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kilicho kwa Kiswahili kitataka tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atie saini kwamba lugha zote mbili anazijua.

Ukishafika, nenda kwa afisa uandikishaji na grini kadi yako. Utafanya ASVAB, mtihani wa kuingilia jeshini unaopima uwezo wako, na kupimwa afya. Uofisa unataka uraia kwanza, kwa hiyo utaanza askari wa kawaida, na kazi zinazohitaji kibali cha kuona siri za serikali zitakuwa zimefungwa kwako.

Uraia wenyewe unaombwa kwa fomu mbili. N-400 ndiyo maombi. N-426 inathibitisha utumishi wako, na lazima itiwe saini na mkuu mwenye mamlaka hayo jeshini. Ifuatilie hiyo saini mwenyewe, kwa adabu, usingoje kuitwa. Askari halipi ada ya N-400.

Mkaazi wa kawaida husubiri miaka 5. Sheria ya wakati wa amani humtaka askari mwaka 1 wa utumishi wa heshima. Lakini kwa amri aliyoitia saini Rais George W. Bush mwaka 2002, kipindi kilichoanzia Septemba 11, 2001 kinahesabiwa kuwa cha vita, na anayetumikia katika kipindi hicho hawekewi sharti la muda wa kuishi nchini. Kisha utahojiwa, utapimwa Kiingereza na ujuzi wa historia na serikali yao, na utakula kiapo. Ukifukuzwa jeshini kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia huo unaweza kufutwa.

Hapo kwenye kiapo ndipo ninapowaomba mtulie. Faida ipo: raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea mama yake ukaazi, jambo ambalo mwenye grini kadi hawezi. Lakini Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ukiapa kule, huku si raia tena. Na sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya matumizi ya ardhi, kwa hiyo ukiupoteza uraia, haki hiyo nayo inaweza kutikisika. Kama mzee amekuachia kiwanja au mikarafuu, kaa na ndugu zako na wakili mapema, mkubaliane kwa maandishi, kabla hujainua mkono kuapa.