Kutoboa na Kufunga Vioo vya Ubavuni kwenye Kombi ya Mizigo: Hatua kwa Hatua

Kombi za Volkswagen za kati ya mwaka 1967 na 1979, zile za kioo kimoja kipana cha mbele, bado zipo mikononi mwa watu wanaozipenda. Nyingi zinazoletwa kutengenezwa upya ni za mizigo: ubavu wote bati tupu, ndani giza kama stoo. Mwenye gari anataka kuigeuza ya kusafiria na kulala, kwa hiyo anataka vioo. Mwongozo huu ni wa vioo vya kutengenezesha kwa vipimo vyako, vya kudumu visivyofunguka, vinavyoshikwa na mpira.

Kama utapata Kombi ya abiria iliyokufa na ubavu wake bado mzima, mambo ni mepesi: unakata kipande chote na kingo zake za kiwandani, unakichomelea kwenye yako, unaweka vioo vyake vya asili. Ni kazi ya fundi bodi mzuri, na gari hubaki na sura yake. Kwa asiyepata kipande hicho, fuata hatua hizi.

Shika mpangilio huu: mpira kwanza, kisha tundu, kioo mwisho. Watu wengi huanza na kioo, kisha wanakata bati kukifuata. Tundu lililokatwa kwa mkono halitoki sawasawa na mchoro hata ukiwa hodari, na kioo cha gari kikishapikwa hakipunguzwi tena. Bati ndilo linalokubali kurekebishwa kwa tupa, kwa hiyo kioo kisubiri tundu likamilike.

Hatua ya 1: Lisome gari

Vua kila kitu cha ndani ubavuni. Bodi na chasi ya Kombi vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo nguzo za wima zinabeba uzito wa kweli. Nguzo haziguswi. Dirisha lako likae kati ya nguzo na nguzo, basi. Mbavu nyembamba zinazokaza bati unaweza kuzikata, ila lazima uzirudishie nguvu yake, na nitaeleza namna.

Angalia sehemu tatu kwa makini. Ya kwanza ni matundu ya hewa yaliyo juu pembeni, nyuma kabisa. Injini hii inapozwa kwa hewa tu, na hewa yenyewe inapita hapo. Usiyasogelee na dirisha wala usiyazibe na mbao za ndani. Ya pili ni mlango wa kuteleza. Kwenye gari za usukani wa kulia uko kushoto, na ukifunguka unapita juu ya ubavu wa nyuma kwa nje. Fungua mlango polepole, pima nafasi iliyopo kati yake na bati, uhakikishe mpira utakaotokeza hautakwaruzwa. Ya tatu ni tangi la petroli, lililo nyuma karibu na injini. Toa waya wa betri, weka kizima moto karibu, na usiwashe grinda upande ule bila kufunika vizuri.

Halafu chukua rula ndefu ya chuma, uilaze kwenye bati mahali pa dirisha, kwa urefu na kwa kimo. Kioo chako kitakuwa bapa. Ukiona nafasi ya zaidi ya milimita 2 au 3 kati ya rula na bati, punguza ukubwa wa dirisha au lisogeze. Kioo bapa kilicholazimishwa kwenye bati lililopinda kitavuja kwenye kona, na mpira hautakusaidia.

Hatua ya 2: Chagua mpira, kisha piga hesabu

Mpira unaotakiwa una mifereji miwili, mmoja wa bati na mwingine wa kioo, na katikati yake kuna ukuta. Usoni una njia ya kupitisha ufito wa kukazia. Nunua baada ya kupima unene wa bati lako na kuamua unene wa kioo. Kwa madirisha ya ubavuni kioo cha milimita 4 au 5 kinatosha. Mfereji ukiwa mpana kuliko bati, maji yataingia. Usikubali kuambiwa "utajaza na silikoni".

Ukuta wa katikati ndio unaoamua kipimo cha kioo. Tuseme una unene wa milimita 5 na tundu lako ni 900 kwa 450. Kioo kinapungua milimita 5 kila upande, kwa hiyo kitakuwa 890 kwa 440. Kona nazo hupungua hivyo hivyo: kona ya tundu yenye nusu kipenyo cha milimita 80 itadai kona ya kioo ya 75. Kwa kuchora kona ya tundu tafuta kopo la kipenyo cha milimita 160, ulizungushie kalamu. Usifanye kona kali. Mpira ukikunjwa sana hujikunyata kwa ndani, na mahali pale ndipo maji hupita kila mvua ikinyesha.

Hatua ya 3: Kata

Bandika mkanda wa karatasi eneo lote, uchore juu yake. Rudi nyuma hatua kadhaa uliangalie gari zima, upande kwa upande. Mstari wa juu wa dirisha ufuatane na mstari wa juu wa vioo vya milango ya mbele. Macho ya mtu hugundua tofauti ndogo sana hapo.

Toboa kwa keekee ndani ya mstari kwenye kona, kisha ingiza jigsoo yenye wembe wa chuma wa meno madogo. Kalio la jigsoo lifunge na mkanda lisichubue rangi. Kata ukiacha milimita 2 ndani ya mstari. Kadiri unavyoendelea, shikiza kipande kinachotoka kwa vipande vya mkanda mgumu, au msaidizi akishike kwa ndani. Bati likianguka lenyewe kabla ya kukatika lote, hukunja ukingo, na kuunyoosha ni kazi kuliko kukata.

Grinda iache pembeni kwa kazi hii. Joto lake linatia bati mawimbi, na cheche zake hujichoma kwenye rangi na kwenye vioo vya mbele. Baada ya wiki gari lina vidoa vya kutu kila mahali.

Sasa maliza zile milimita 2 kwa tupa, taratibu, hadi mstari. Pitisha kidole ukingoni pande zote. Ukisikia mkwaruzo popote, rudia. Kusanya vumbi la chuma kwa sumaku na ufagio, hasa chini kwenye mifereji ya sakafu. Vumbi hilo likipata unyevu ni kutu.

Kama ulikata mbavu, tengeneza fremu ya bati jembamba la kuzunguka tundu kwa ndani, ikae kama milimita 25 nyuma ya ukingo ili mfereji wa mpira upate nafasi yake. Ibandike kwa gundi ya bodi na ribiti chache kwenye mbavu zilizobaki. Kuchomelea bati pana na jembamba hivi hulipinda. Bila fremu, ubavu utapiga ngoma kila ukipita barabara ya vumbi.

Hatua ya 4: Kinga ukingo

Hapa sitaki mtu aharakishe. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au popote penye upepo wa chumvi, ukingo mtupu huanza kutu mara moja, na kutu ikishajificha chini ya mpira huioni mpaka bati limeliwa. Piga msasa, futa kwa kitambaa chenye thina, paka praima ya epoksi ndani, nje na kwenye unene wa ukingo wenyewe. Rudia mara ya pili, kisha rangi ya gari. Subiri ikauke kabisa. Rangi inayoonekana kavu kwa kugusa bado ni laini chini, na mpira utaimenya.

Hatua ya 5: Kielelezo, kisha kioo

Kata plaiwudi ya milimita 4 kwa kufuata tundu lililopakwa rangi, punguza kile kipimo cha ukuta wa mpira, ukijaribishe pamoja na mpira wenyewe. Kikikaa vizuri, andika juu yake: kushoto au kulia, juu, nje. Kila tundu lipate kielelezo chake, kwa sababu pande mbili za gari la zamani hazilingani.

Peleka plaiwudi kwa wauza vioo, uagize kioo cha tempa, yaani kilichopikwa kwa joto kikawa kigumu, kilichosagwa kingo na chenye alama ya usalama kwenye kona. Tempa ikivunjika inakuwa chembe ndogo butu. Kioo cha dirisha la nyumba hupasuka kuwa visu, na nyuma yake watakaa watoto wako. Hata kama ni rahisi mara tano, kikatae.

Hatua ya 6: Funga

Visha mpira kwenye bati kwanza, maungio yake yawe juu katikati. Ukate mrefu zaidi kwa sentimita 1 au 2, ili ncha zisukumane. Paka maji ya sabuni, kamwe usitumie grisi wala oili, kwani huozesha mpira. Ingiza kioo upande wa chini, kisha utembeze kijiti bapa cha plastiki ukivusha mdomo wa mpira juu ya kioo, kona moja baada ya nyingine. Mtu mmoja awe nje, mwingine ndani. Usikipige kioo; tempa huvumilia uso wake, lakini ukingo ukigongwa kidogo kinamwagika chote.

Mwisho pitisha ufito wa kukazia, maungio yake yawe chini, mbali na yale ya mpira. Ufito ukiingia utaona mpira unabana pande zote mbili.

Hatua ya 7: Maji

Fungua bomba, anza kumwagia chini ukipanda juu, msaidizi akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatatiririka na hutajua tobo liko wapi. Likipatikana, inua mdomo wa mpira upande wa bati, ingiza gundi laini ya madirisha isiyokauka. Ile silikoni yenye harufu ya siki usiiweke kwenye bati, inaleta kutu.

Kadi ya gari imeandikwa aina ya bodi. Ukishabadilisha gari la mizigo kuwa la kukaa watu, kama uko Tanzania nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) ukaulize kuhusu kubadilisha taarifa hizo, na bima yako iambiwe pia.

Baada ya mwezi wa jua kali angalia maungio ya mpira kule juu. Mpira hunywea. Ukiona pengo, usiuvute. Kata kipande kidogo cha mpira uleule, kitie gundi ya mpira, kisha umwagie maji tena.