Kuitazama RF1 ikimalizia protini ndani ya ribosomu

Michoro mingi humwonyesha mwanafunzi RF1, protini inayoiachilia protini mpya ikishakamilika, kama bonge linalojibanza kwenye ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), protini ikachomoka, basi. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoufungua muundo wenyewe kwenye kompyuta. Programu yoyote ya kutazama molekuli itakufaa.

1. Pakua faili. Ingia kwenye PDB, hazina ya mtandaoni ya miundo ya molekuli, tafuta 4V63. Ni ribosomu ya bakteria Thermus thermophilus iliyobeba RF1 juu ya kodoni UAA, yaani besi (herufi) tatu za ujumbe, mRNA, zinazosema "koma"; ni kazi ya mwaka 2008. Ndani mna ribosomu mbili: ficha moja kabisa. Mimi sikuficha, nikapoteza nusu siku nikipima umbali wa RF1 ya huku na tRNA (molekuli inayoleta asidi amino na kuishikilia protini inayojengwa) ya kule.

2. Sogea kwenye kodoni. Iko nafasi A, pale kodoni inaposomwa, ya kipande kidogo cha ribosomu, 30S. Kodoni za kusitisha hazina tRNA yake. Husomwa na protini za kuachilia. RF1 inasoma UAA na UAG, RF2 inasoma UAA na UGA. Ukivuta picha karibu utaona jambo tamu: besi mbili za mwanzo zimepangana, ya tatu imetengwa na wenzake kwa histidini, asidi amino moja ya RF1, ikaenda kulalia G530, besi ya rRNA (RNA ya ribosomu yenyewe). Yaani kodoni inasomwa kwa mikupuo miwili.

3. Pima urefu. Toka kwenye kodoni mpaka ncha ya tRNA iliyo nafasi P, jirani ya nafasi A, kule protini iliposhikiliwa. Utapata kama nanomita 7. RF1 inasoma mwisho mmoja na kufanya kazi mwisho mwingine! Lakini RF2 ikiwa peke yake kwenye fuwele huwa imejikunja, ncha zake hizo mbili zikiachana kwa takriban nanomita 2.3 tu. Kwa hiyo mkono wa protini ya kuachilia hunyooka kodoni ikishatambuliwa. Ungenyooka mapema, protini ingekatwa ingali nusu.

4. Tafuta GGQ. Hapa usiwe na haraka. Ni asidi amino tatu za RF1 zilizofuatana, glisini, glisini, glutamini, ndani ya kipande kikubwa cha ribosomu, 50S. Bofya glutamini namba 230. Wengi hukimbilia mkia wake, kumbe kinachotazamana na oksijeni ya 3' ya A76, kiungo cha mwisho cha tRNA, ni NH (nitrojeni na haidrojeni) ya uti wa mgongo wa protini. Kipimo chake kipo: ukiweka prolini badala ya glutamini, ukataji unakufa, kwa sababu prolini haina hiyo haidrojeni. Na kisu chenyewe si RF1, ni maji. Molekuli moja ya maji hushambulia kifungo cha esta kati ya protini na tRNA. GGQ huandaa mahali pa shambulio hilo. Usihangaike kutafuta mnyororo wa protini humu: picha ilipigwa kifungo kimeshakatika.

5. Kuondoka. Faili hili halikuonyeshi. RF3, protini nyingine, ikitumia nishati ya molekuli ya GTP, husaidia kuing'oa RF1, ingawa wapo bakteria wasio na RF3 na maisha yanaendelea. Kisha protini mbili, RRF na EF-G, huitenganisha 50S na 30S, na 30S ikishaachana na tRNA na mRNA inakuwa tayari kushika ujumbe mwingine.