Umeshakusanya wadudu, sasa pepa inatokaje?

Naandikia wadogo zangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na wengine hapa Dodoma mnaohangaika na viwavijeshi vamizi huko Kongwa au wadudu wa zabibu, maana wengi mnaanza kuwaza jarida siku ya kukabidhi ripoti, mmeshachelewa.

Pepa, yaani makala ya utafiti ya kwenye jarida la kisayansi, inaanzia kwenye chupa. Mimi nilizunguka Bahi msimu mzima nakusanya mende wa mavi, lebo nikaandika kwa kalamu ya kawaida nikazitumbukiza humo humo kwenye spiriti, kuja kufungua wino wote umeyeyuka, chupa arobaini na kitu sijui ipi ya kijiji gani, ikabidi nisubiri masika nyingine nianze upya. Kwa hiyo penseli jamani. Andika kijiji, namba za GPS, tarehe, nani kamkamata, na mdudu mwenyewe alikuwa wapi, kwenye mtama au kwenye mavi ya ng'ombe. Spiriti ya 70% inatosha kuangalia umbo, ukitaka DNA tafuta ya 95% kwenda juu (Konyagi haihesabiki, nimeshaulizwa). Ukiwachoma pini, mende inapita bawa gumu la kulia. Na usiwatupe ukishamaliza, wahakiki (wataalamu wanaoipitia pepa kabla jarida halijaikubali) watauliza sampuli zimehifadhiwa wapi.

Kibali uliza chuoni kabla hujaenda porini, siyo baada.

Jina la mdudu liandike kamili mara ya kwanza kwa herufi za mlalo, *Spodoptera frugiperda*, baadaye *S. frugiperda* inatosha. Kama unadai ni spishi mpya basi kazi imeongezeka, lazima uteue sampuli moja ya kubeba hilo jina, na kama jarida linatoka mtandaoni tu pepa yenyewe isajiliwe kwanza ZooBank, rejesta rasmi ya mtandaoni ya majina ya kisayansi ya wanyama.

Jarida sasa. Kuna International Journal of Tropical Insect Science, hilo ni la wadudu wa kwetu kabisa. Ila ukipata imeili inakuita Profesa wakati hata masta hujamaliza, na wanaahidi kuchapisha pepa yako ndani ya siku tatu, kimbia. Yale ya bure kusoma mengi yanamchaji mwandishi, we omba msamaha wa ada kabla hujatuma, ukishakubaliwa ndo unaanza kulia hawakusikii. Tuma kwenye jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Maoni ya wahakiki jibu moja moja, hata lile la kijinga, kwa adabu. Halafu jarida wakikutumia nakala ya mwisho uhakiki usiipitishe kwa uchovu, ya kwangu Bahi ilikuwa imegeuka Bali.