Kabla ya masika: kanda za televisheni zilizobaki Lamu

Masika bado, na huu ndio wakati wa kufungua makabati. Uwe mpiga picha wa zamani uliyekuwa ukipeleka habari Nairobi, au mwenye studio uliyerekodi Maulidi ya Msikiti wa Riyadha miaka nenda miaka rudi, usianze kwa kununua mashine. Anza na daftari. Toa kila kanda, isome lebo, andika aina yake (U-matic, Betacam, VHS, MiniDV), ni ya tukio gani, la mwaka gani, na nani anaonekana.

Hapo kwenye nani anaonekana ndipo pa kuharakisha kuliko pote. Mwaka jana tuliketi na mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani mbele ya televisheni. Lebo ilikuwa imeandikwa "Maulidi 2", basi. Safu ya wacheza goma ilipopita akasema, "Simamisha hapo, mwanangu. Huyo wa tatu ni marehemu ndugu yangu. Kanzu ile aliivaa mara moja tu, mwaka aliorudi Maskati." Akatutajia na mwaka. Kuvu hawakuwa wameigusa kanda ile, lakini mzee yule asingalikuwapo, ingalibaki picha ya watu wasiojulikana.

Baada ya daftari, angalia zinapokaa. Ukanda wa kanda ni unga wa sumaku ulioshikishwa kwa gundi juu ya plastiki, na gundi hiyo hunyonya unyevu, ikalegea na kunata. Wataalamu hupendekeza hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Hewa ya kisiwani huzidi hapo kwa miezi mingi. Kuta zetu za mawe nazo hutoa chumvi, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta. Chumba cha chini karibu na bahari hakifai: maji ya bamvua yakikutana na upepo wa kusi huingia barazani. Chini ya makuti pia hapafai, kwa ajili ya moto, na gari la zimamoto haliingii vichochoro hivi. Orofa ya kati ndiyo salama zaidi. Zisimamishe kanda kama vitabu, usizilaze.

Ukiona weupe kama pamba pembeni mwa ukanda, hao ni kuvu. Itenge kanda hiyo wala usiitie kwenye deki, kwani itaichafua na kanda safi zitakazofuata zitaambukizwa. Iliyorowa nayo usiicheze wala usiianike juani.

Deki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Zilizobaki ni kuukuu, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Tafuta mbili sasa, moja ya kutumia na moja ya vipuri. Tenga na muda: kanda ya saa moja huchukua saa nzima kuhamishwa kwenye kompyuta. Saa moja ya MiniDV hula takriban gigabaiti 13, hivyo saa 200 zinahitaji kama terabaiti 2.6, na hiyo ni nakala moja tu.

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya kisiwa, kwa jamaa Mombasa au Nairobi. BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi ili izitumie tena. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya tamthilia yake ya Doctor Who vya miaka ya 1960 vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria, katika stoo ya kituo cha televisheni. Vilinusurika kwa sababu nakala zilikuwa zimeuzwa nje na kupelekwa mbali. Za kwetu hazikuuzwa nje, kwa hiyo hakuna Jos ya kuzitunza, tuzipeleke wenyewe.

Diski za kuhifadhia nakala nazo hufa. Zifungue kila baada ya miezi sita, ucheze faili chache mwanzo hadi mwisho.

Mwisho, andika ndani ya mlango wa kabati nani ana ufunguo usipokuwapo, na kanda zipi zitolewe kwanza moto au maji yakija. Zitie hizo katika sanduku moja la plastiki lenye mshipi, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba na kushuka nalo ngazi gizani.