Ulimi wa silikoni wa kupimia chenga za uji

Dada mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, anasaga na kufungasha unga wa uji wa muhogo. Wateja wanalalamika kwamba uji unakwaruza, lakini yeye akiuonja anauona laini. Basi tukamtengenezea ulimi wa bandia, na utaratibu wenyewe ni huu.

Kalibu. Yeyusha nta ya mshumaa, imwage kwenye sahani bapa, ikianza kukaza itoboe kwa sindano nyembamba. Vishimo viwe vingi, vifupi (visizidi nusu milimita), wala visipangwe kwa mistari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliotoa ulimi wao wa silikoni mwaka 2020, nao walivitawanya vinundu (vishimo vya kalibu ndivyo vinavyotoa vinundu kwenye silikoni). Vile vyembamba vya ulimi wa mtu havionji chochote. Hupinda wakati chakula kinapita, na neva za mguso zilizo chini yake zikashtuka. Ukivikosa, una kipande cha mpira tu.

Silikoni. Mimi natumia Ecoflex 00-30, silikoni laini sana ya chupa mbili, A na B. Za bei rahisi ni ngumu mno. Changanya A na B kwa uzito sawa, mimina. Kazi nyingi hukwama hapa. Silikoni hii hugandishwa kwa platinamu, na platinamu haipatani na salfa wala kemikali nyingine kadhaa: glovu za mpira wa kawaida, udongo wa kufinyangia wenye salfa, hata kalibu nyingi za rezini zilizochapwa kwa mashine, zote huacha uso unaonata hata ukingoja hadi kesho. Kuipasha moto hakusaidii. Vaa glovu za naitraili, koroga kwa kijiti cha plastiki safi, na ujaribu tone moja kwenye kila kifaa kabla ya kumwaga chupa nzima. Halafu kuna joto letu. Kwenye nyuzi 23 una dakika 45 za kuifanyia kazi. Msimu wa kaskazi hazifiki, kwa hiyo changanya alfajiri au uzipoze chupa kwanza. Iache igande kwa muda wa saa nne.

Kulowanisha. Silikoni hukataa maji, ulimi huyapokea. Wale wa Leeds walichanganya kiowevushi (kinachofanya silikoni ipokee maji), Span 80, kabla ya kumwaga. Tone la maji likisimama kama shanga, bado.

Mate. Usitumie yako! Yana amilesi, inayomeng'enya wanga, kwa hiyo uji unazidi kuwa mwepesi huku unapima. Ute wa bamia uliochujwa na kuzimuliwa unatosha kulinganisha.

Kupima. Paka uji kwenye kioo, laza ulimi, weka uzito uleule juu, vuta polepole kwa mizani ya ndoana. Uji wote uwe na joto moja, maana ukipoa huwa mzito. Angalia mshale: ukitulia, unga ni laini, ukirukaruka, kuna chenga. Kwenye chokoleti mtu huanza kuzihisi chembe zikizidi takriban mikromita 30 (milimita 0.03), kwa hiyo chekeche ya kawaida ya jikoni haitoshi. Saga tena, kisha upime tena kwa ulimi uleule.