Somo: Kupanga kalenda ya mwezi katika makao ya wazee

Somo hili ni la wahudumu, wauguzi na wajumbe wa kamati wanaosimamia makao ya wazee Moshi, Arusha na vitongoji vyake. Hesabu zimepigwa kwa wakazi 30 hivi, wahudumu watano wa zamu ya mchana na ukumbi mmoja. Ukizipitia kalenda nyingi utakuta zimejaa watu wanaokuja kuwaimbia wazee, wala hakuna kazi hata moja ya mikono ya wazee wenyewe. Ndiyo maana wengi husinzia vitini na kamati ikasema wamechoka.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya kalenda

Kila mzee apewe ukurasa wake. Andika sikio lipi linasikia, macho yakoje, anatembea kwa mkongojo au kwa kiti mwendo, anameza chakula kigumu au laini, dawa anakunywa saa ngapi, dini yake, na kazi aliyokuwa akifanya. Andika pia lugha ya nyumbani. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni, na Kichagga cha Rombo si cha Machame. Mhudumu wa Machame anaweza kudhani bibi anaropoka kumbe anaomba maji.

Hatua ya 2: Chagua saa, kisha shughuli

Saa nzuri ni saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi: chai imeshuka na viungo vimepata joto. Baada ya chakula cha mchana waacheni walale. Saa kumi ni ya kahawa, redio na mazungumzo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni msiweke ngoma wala wageni, kwa sababu wenye tatizo la kumbukumbu huwa na wasiwasi giza likiingia, na kelele huzidisha.

Hatua ya 3: Wiki iwe na siku zinazojulikana

Jumatatu mazoezi, Jumanne jikoni, Jumatano drafti na bao, Alhamisi bustani. Siku zikizoeleka, hata asiyekumbuka tarehe hujua leo ni siku gani.

Mazoezi ni dakika 20, wote wakiwa wamekaa. Kiti kiwe na mgongo na mikono, kiegemee ukuta, kisiwe cha plastiki kinachopinda. Kuinua visigino mara 10, kunyoosha goti mara 10 kila upande, kisha wanaoweza wasimame na kukaa mara tano wakishika mikono ya kiti. Anayesimama ghafla baada ya dawa za presha huona kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo kila anayesimama atulie kidogo kabla ya kupiga hatua. Kandambili hapana.

Jikoni ndiko kalenda inakopata uhai. Kilo 10 za ndizi mbichi zenye maganda zinatosha bakuli 30 za mtori (supu nzito ya ndizi), na mezani wakikaa wamenyaji sita kazi inakwisha ndani ya saa moja. Paka mikono mafuta ya kupikia ili utomvu usigande, na beseni la maji liwe karibu, ndizi zisigeuke nyeusi. Visu viwe vifupi, na vihesabiwe kabla na baada. Mwenye mikono inayotetemeka mpe kuchambua. Hapo zingatia macho: mchele uchambuliwe kwenye sinia la rangi nzito, maharage mekundu kwenye sinia jeupe. Mchele mweupe juu ya sinia jeupe mzee haoni mawe, anaona aibu, na wiki ijayo haji.

Tahadhari moja: chakula walichomenya kiliwe siku hiyo hiyo na wao wenyewe. Ukiwapa kazi ya kujifanya, wanajua.

Bustani iwe ya magunia, maana kuinama ndiko kunakoangusha. Changanya udongo ndoo tatu kwa samadi iliyooza ndoo moja, acha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, panda juu na ubavuni kwa kimo anachofikia mtu aliyekaa. Mchicha huchumwa baada ya wiki nne hivi, kwa hiyo anza nao. Sukuma wiki inachelewa na wenye haraka hukata tamaa. Mnafu usisahaulike, wazee wa mlimani watauulizia.

Drafti haina mengi. Vizibo vya soda ni vidogo kwa vidole vyenye baridi yabisi. Tumia vifuniko vya chupa kubwa, rangi mbili, 12 kila upande.

Hatua ya 4: Wageni wapangwe

Kwaya, vikoba, shule na vyuo huja kwa wingi Desemba, Kwaresima na Ramadhani. Mei, mvua inaponyesha na njia ni matope, geti halifunguliwi. Msimkatae mgeni wa Desemba; mpeni tarehe ya Mei au Agosti. Wenye nia watarudi.

Kundi moja kwa wiki, watu wasiozidi 15, saa moja. Wapelekeeni masharti mapema: zawadi zinaandikwa kwenye daftari la stoo na kusainiwa, hazigawiwi mkononi. Soda na biskuti mkononi mwa mzee mwenye kisukari zinampandisha sukari jioni muuguzi akiwa peke yake, na nyama ngumu inamkaba asiye na meno. Picha ni kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, naye akisema hapana iishie hapo. Hotuba zote kwa pamoja dakika 10.

Kisha wapeni kazi: kutunga uzi kwenye sindano, kuandika ujumbe mzee anaotaka kumtumia mwanawe, kucheza drafti (na kufungwa). Kukata kucha za miguu za wenye kisukari abaki nako muuguzi, kidonda kidogo pale hakiponi haraka.

Hatua ya 5: Safari moja kwa mwezi

Kuanzia Juni, masika yakishapita. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, na ukipanda kuelekea Marangu baridi inaongezeka, kwa hiyo shuka na soksi kwa kila mtu. Wa Arusha wakitaka maonyesho ya kilimo ya Nanenane kwenye viwanja vya Themi, waende siku za mwanzo; tarehe 8 yenyewe umati na vumbi havifai kifua cha mzee.

Noah ni bora kuliko Coaster kwa sababu ya ngazi. Hata hivyo beba kigoda imara cha sentimita 20. Mhudumu mmoja kwa kila kiti mwendo, mmoja kwa wazee watatu wanaotembea. Mtu atangulie siku moja kabla kukagua choo: kina ngazi? Kiti mwendo kinapita mlangoni? Safari nyingi huharibika chooni. Wanaokunywa dawa za kutoa maji watahitaji choo ndani ya saa mbili. Muuguzi aamue kama dozi isubiri, dereva na mhudumu wasiamue. Bebeni maji, ndizi mbivu, glukosi, nepi, nguo za kubadili, orodha ya dawa. Ondokeni saa tatu, rudini kabla ya saa saba.

Hatua ya 6: Ibandike

Herufi za sentimita tatu, kwa kimo cha macho ya aliyekaa, karibu na mlango wa kulia chakula. Na itangazwe kila asubuhi wakati wa chai. Kila shughuli andika nani alikuja na nani aliondoka katikati, na kwa nini.

Maswali yaliyoulizwa

*Shikamooni. Kwetu Kiboriloni akina babu hawaji kabisa, wanasema ni mambo ya akina mama.*

Marahaba. Angalieni mnawaitia nini. Mwiteni mmoja aje kukagua mpini wa jembe au kiti kilicholegea, wengine watafuata kukosoa. Kahawa iwepo.

*Wazee wanataka mbege (pombe ya ndizi na ulezi) kwenye sherehe ya 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Tuwape?*

Muuguzi apitie orodha kwanza. Wenye dawa za usingizi, wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari, na walio kwenye metronidazole (dawa ya kuua vijidudu) wasinywe. Waliobaki, kikombe nusu baada ya kula. Kwa wote pikeni togwa ya ulezi. Akina mama wanaojua kupika mbege waongoze kuloweka na kuotesha ulezi. Kazi hiyo inaanza siku kadhaa kabla, iingizeni kwenye kalenda.

*Ramadhani tunaipangaje, tuna Waislamu sita tu?*

Inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, msinakili kalenda ya mwaka jana. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Jikoni ya Jumanne ihamie saa kumi, iandae futari ya nyumba nzima, hata wasiofunga wamenye viazi na mihogo.

*Mkazi akifariki, tunasimamisha kalenda?*

Msiwafiche. Wataona kitanda kitupu. Watangazieni asubuhi hiyo, wekeni mikeka ukumbini, shughuli za siku zisimame hadi mazishi. Kuchambua mchele na kumenya ndizi kuendelee, maana msiba una watu wa kulishwa. Wanaotaka kwenda kuzika wapelekwe, kwa utaratibu ule ule wa hatua ya 5, choo kikiwa kimekaguliwa.